Pimbi Alivyoikataa Besi ya Kiboko

Nipigieni!
— Dum!
Nipigieni tena!
— Dum-dum!
Ngano inatoka wapi?
— Bondeni!
Inakwenda wapi?
— Masikioni!
Mwenye masikio makubwa?
— Akae nyuma!
Mwenye masikio madogo?
— Asogee mbele!

Haya, sogeeni basi, maana ngano yenyewe ni ya wadogo.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanapiga muziki wa dansi, katika Bonde la Mtitimo palikuwa na bendi moja. Bendi ilikuwa na wapigaji wengi na bwana mmoja, na bwana huyo alikuwa Kiboko. Korongo aliimba. Nyani alipiga ngoma. Pimbi alitikisa manyanga. Kiboko alipiga gitaa la besi. Nani alimpa? Hakupewa na mtu. Alilikuta, akalikalia, likawa lake.

Kila Ijumaa alasiri wanyama walikuja uwanjani kucheza, na kila aliyekuja alitia kitu kapuni kuwatunza wapigaji. Huyu mahindi mabichi, huyu tikiti, huyu viazi. Muziki ukiisha, Kiboko anasimama.

"Nani aliyeibeba ngoma leo?"

"Wewe, Mzee."

"Na aliyeibeba ngoma abebe nini?"

"Abebe kapu, Mzee."

Kiboko anabeba kapu. Korongo anapata maganda. Nyani anapata maganda ya maganda. Pimbi anapata harufu. Na Pimbi alikuwa na watoto kule kwenye majabali, na watoto hawali harufu.

Lakini niwaambieni kweli, njaa peke yake isingemfanya Pimbi afanye alichofanya. Pimbi alikuwa akiisikia besi. Wengine huisikia kwa masikio, yeye aliisikia tumboni. Kiboko akipiga, dung, dung, daa, Pimbi anatikisa manyanga huku anasema moyoni: pale amechelewa, pale ameruka, pale angenyamaza kidogo ingekuwa tamu. Siku moja moyo ulijaa, maneno yakamtoka mdomoni mbele ya watu wote.

"Mzee Kiboko, na mimi nataka kupiga besi."

Uwanja mzima ukamgeukia Kiboko. Halafu Kiboko akacheka. Ho! Ho! Ho! Tope likamdondoka mgongoni, po, po, po.

"Wewe? Besi ni tumbo, mwanangu. Besi ni shingo. Wewe tumbo liko wapi? Shingo iko wapi? Haya, njoo. Njoo ujaribu."

Akamvika gitaa lake. Lo! Mkanda ulimkata bega. Shingo ya gitaa ilikwenda mbali huko, mkono wake ukaishia njiani. Akajinyoosha, kifundo cha mkono kikapinda, kikalia ka! Akavuta uzi mmoja, uzi ukamvuta yeye. Akaanguka chali, gitaa juu, miguu minne inapiga hewa.

Watu walicheka mpaka wakashikana. "Pimbi ni pimbi tu! Pimbi ni pimbi tu!"

Pimbi akatambaa kutoka chini ya lile gitaa. Akajikung'uta vumbi. Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini hakuyaruhusu kushuka.

"Chekeni," akasema. "Sikushindwa mimi. Limeshindwa hilo gitaa. Limeshindwa kunienea."

Wakacheka zaidi. Yeye huyo, akaenda zake.

Akaenda moja kwa moja kwa Nungunungu. Nungunungu ndiye aliyekuwa fundi wa magitaa wa bonde zima, mtu wa hasira za karibu, na kibanda chake kilijaa magitaa kuanzia darini mpaka sakafuni.

"Unataka nini?"

"Gitaa la besi."

"La nani?"

"La kwangu."

Nungunungu alimtazama juu, akamtazama chini, na kuna safari fupi sana kati ya juu na chini ya Pimbi. "Chagua usichelewe," akasema. "Nina kazi."

Pimbi akachukua la kwanza, jekundu, linang'aa kama embe bivu. Akalivaa. Akajiuliza: bega, unasemaje? Bega likasema, naumia. Akaliweka chini.

Akachukua lingine, jembamba, maridadi. Akalivaa. Bega, unasemaje? Sijambo. Mkono, unasemaje? Sifiki. Akaliweka chini.

Akachukua lingine. Bega sijambo, mkono nafika, lakini akiliachia tu, shingo inazama chini, vuu, kama mtu anayesinzia mkutanini. Itabidi mkono uishikilie shingo, na mkono unaoshikilia haupigi. Akaliweka chini.

"Unachagua gitaa au unachagua mchumba?" Nungunungu akauliza.

"Mchumba ningechagua upesi zaidi," akasema Pimbi.

Akajaribu lile, akajaribu lile. Mlangoni palikuwa na moja kubwa la kutisha, la mpingo mtupu, limeegemezwa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Hilo hata hakuligusa. Akainama chini ya meza, akatoa kitu chenye utando wa buibui. Kilikuwa kifupi. Kilikuwa na rangi ya majivu. Kilikuwa cha mti wa msufi, chepesi kama mkate. Shingo yake ilikuwa nyembamba, na nyuzi zake zilikuwa zimelala karibu na shingo hata kidole kikigusa tu, uzi unaitika.

"Hilo acha," Nungunungu akasema haraka. "Hilo nililikosea. Nilikata shingo fupi."

Pimbi akaketi juu ya gogo, nyayo zimetua chini, gitaa pajani. Bega, unasemaje? Bega halikusema kitu, lilikuwa limelala. Mkono, unasemaje? Nafika kote. Kifundo? Nimenyooka. Akapiga. Dum. Akapiga tena. Du-dum, dum. Utando wa buibui ukatetemeka.

"Hukulikosea," akasema Pimbi. "Ulilikata kwa ajili yangu kabla hujanijua."

Nungunungu akakuna miiba yake. "Chukua basi. Ila usimwambie mtu kuwa nimelitengeneza mimi."

Pimbi akaenda nalo majabalini. Akakata mkanda mpana wa gome laini, usiomkata bega. Akapiga asubuhi, akapiga jioni. Vidole vikichoka anapumzika, visipochoka anapiga. Du-dum, dum. Du-dum, dum. Watoto wake walilala kwa sauti hiyo na kuamka kwa sauti hiyo. Na sauti haina adabu, haikai nyumbani. Ikateremka bondeni mpaka mtoni, ikaingia sikioni mwa Kiboko.

Kiboko akatoka majini. Chwa! Chwa! Chwa! Akapanda majabalini, akamkuta Pimbi ameketi, gitaa pajani.

"Nani amekuruhusu?"

"Sikuomba ruhusa, Mzee."

"Hukuomba!" Kiboko akafungua mdomo, na mdomo wa Kiboko ukifunguka unaingia mlango na dirisha. "Lete hilo gitaa! Kila besi ya bonde hili ni yangu."

Moyo wa Pimbi ulikuwa unapiga kuliko besi yenyewe. Watoto walikuwa nyuma yake, wamejibana kwenye ufa wa jiwe. Angekimbia, wangebaki. Angepigana, angekanyagwa. Akatoa gitaa pajani, akalinyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Chukua, Mzee. Chukua hili. Chukua na mkanda wake. Ila nakuomba, nakuomba sana, usinichukulie lile kubwa lililoko kwa Nungunungu."

Mkono wa Kiboko ukasimama hewani. "Kubwa lipi?"

"Sikusema kubwa."

"Umesema kubwa."

"Basi ni ulimi tu, Mzee. Chukua hili."

"Kubwa kuliko langu?"

Pimbi akainamisha kichwa, akanong'ona kama mtu anayetoa jino. "La mpingo mtupu. Shingo haina mwisho. Nimeliwekea nia, nikikua nilipige mimi."

"Ho! Ukikua! Kaa na hicho kijiti chako. La mpingo ni langu!"

Wakashuka wote wawili mpaka kwa Nungunungu. Kiboko akaling'oa gitaa mlangoni, upepo ukaupiga mlango, baa! Akalivaa. Hata yeye magoti yaliinama kidogo, lakini akajifanya anasalimia.

"Limekupendeza, Mzee," akasema Pimbi. "Ila mkanda ungekuwa mwembamba, shingo yako nene ingeonekana vizuri. Mkanda mpana ni wetu sisi wadogo."

"Mwembamba!" Kiboko akaamuru.

Nungunungu akasema, "Lakini Mzee, bega..."

"Mwembamba!"

"Na nyuzi, Mzee," akasema Pimbi, "ziinuliwe juu kabisa. Nyuzi za kulala ni zetu sisi wadogo."

"Juu!"

"Lakini Mzee, vidole..."

"Juu! Juu!"

"Na kuketi, Mzee..."

"Mkubwa haketi!" Kiboko akanguruma. "Mkubwa anapiga wima! Na Ijumaa njoo, wewe, na kijiti chako, watu wacheke. Atakayenyamaza kwanza wakati watu wanacheza, kapu si lake tena. Nasema mbele ya fundi!"

"Umesema, Mzee," akasema Pimbi. "Na mimi nimesikia."

Ijumaa bonde zima lilikuja. Kapu lilijaa mpaka likafura. Kiboko akasimama katikati, gitaa la mpingo linameta. Pimbi akaketi pembeni juu ya jiwe.

"Pimbi ni pimbi tu!" mmoja akapiga kelele.

"Ndiyo," Pimbi akamjibu. "Na leo utacheza ngoma ya pimbi."

Nyani akagonga. Korongo akafungua koo. Kiboko akapiga, DUNG! Ardhi ikaruka. Watu wakapiga vigelegele. DUNG! DUNG! Na chini yake, taratibu, ikapita besi nyingine: du-dum, dum. Du-dum, dum.

Wimbo wa kwanza, Kiboko anacheka. Wimbo wa pili, Kiboko hacheki. Mkanda ulikuwa unaingia begani kama kisu kwenye kiazi. Nyuzi zilikuwa juu, na kila uzi aliousukuma ulimsukuma nao. Akahamisha mkanda bega hili. Likaumia. Akauhamisha bega lile. Likaumia zaidi.

"Korongo! Maliza wimbo!"

"Watu bado wanacheza, Mzee."

DUNG... du-dum, dum. DU... du-dum, dum.

"Korongo! Punguza mwendo!"

"Watu bado wanacheza, Mzee."

Kiboko akaangaza macho, akaona gogo. Akaanza kuliendea kinyumenyume, polepole, makalio mbele.

"Mzee!" Pimbi akaita bila kuacha kupiga. "Mkubwa haketi!"

Na uwanja mzima, kwa mdundo, ukapokea: "Mkubwa haketi! Mkubwa haketi!"

Aibu ikamnyanyua. Akajivuta wima, mpingo ukamvuta mbele, magoti yakakataa. BUUU! Kiboko akalala kifudifudi, gitaa chini yake, na gitaa likatoa mlio mmoja wa mwisho, nyeee, likanyamaza.

Watu wakasubiri muziki ukatike. Haukukatika. Du-dum, dum. Miguu yao ilikuwa bado inakwenda. Wakatazamana. Wakatazama chini kwenye miguu. Ndipo wakajua ni besi ya nani waliyokuwa wakiicheza toka mwanzo.

Kiboko akainuka, macho mekundu. "Lete hicho kijiti!" Akampokonya. Akaweka vidole vyake. Kidole kimoja kikafunika nyuzi zote nne. Bwe. Akajaribu tena. Bwe. Akalitupa gitaa kwenye majani, akamsogelea Pimbi, kivuli chake kikamfunika Pimbi na jiwe lake.

"Nitakukanyaga."

Pimbi hakuondoka juu ya jiwe. Akaikunja mikono kifuani.

"Nikanyage," akasema. "Mguu unao. Lakini kapu umelipoteza kwa mdomo wako mwenyewe, na fundi alisikia."

"Nilisikia!" Nungunungu akapaza sauti, miiba imesimama. "Na hilo gitaa dogo nimelitengeneza mimi!"

Korongo akaja akasimama upande huu wa jiwe. Nyani akaja na ngoma yake, akasimama upande ule. Mama mmoja Swala akaliokota gitaa kwenye majani, akalifuta, akampa Pimbi. Kisha wakaja wengine, na wengine, mpaka Kiboko akawa hamuoni tena Pimbi kwa wingi wa migongo. Alikuwa mkubwa, lakini wao walikuwa wengi, na Pimbi alikuwa ameshaanza kupiga tena.

Kiboko akageuka. Akaenda zake mtoni na mabega yake, akajitumbukiza, chubwi! Maji yakambeba. Akaona raha. Mpaka leo hatoki jua likiwa kali. Nenda kamtazame, amelaza mabega majini, amebakiza pua.

Kapu liliwekwa katikati ya uwanja na kila mmoja akala, na watoto wa Pimbi walikula tikiti mpaka wakashindwa kupanda majabali. Walipokuwa wanatafuna, wakasikia sauti kutoka mtoni, nene, ya chini kabisa: Hm! Hm-hm-hm-hm.

"Anatutukana," Korongo akasema.

Pimbi akatega sikio. Akatabasamu. "Hapana. Sikilizeni. Hakuchelewa, hakuruka. Amepata besi inayomwenea."

Akaweka gitaa pajani, akamfuatisha. Hm-hm, du-dum. Hm-hm, du-dum. Wakacheza mpaka jua likazama.

Ngano yangu uzi umekatika. Anayetaka aufunge, asiyetaka aufanye kamba ya mbuzi.

Na funzo lake, maana bila funzo hamtaniacha niende kulala, ni hili: chagueni siku zote kilicho kikubwa, kizito, chenye mkanda mwembamba. Kikiwaumiza, nyamazeni. Msiketi. Msiombe kinachowaenea. Wakubwa wakisema jambo si lenu, itikeni "ndiyo, Mzee" na mbaki na harufu ya kapu. Hasa nyinyi wadogo. Mimi nimekwisha kuwafundisha; mtakaokaidi, pigeni kwa nguvu nisikie.