Picha ya Binti Anayecheka

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea, nataka niwapeleke dukani. Msiogope, hatununui kitu.

Duka lenyewe liko ndani ya jumba la makumbusho, pale ukimaliza kuona mafuvu na mikuki ya zamani, karibu na mlango wa kutokea. Wanauza vitu vya kisasa vya kupendezesha nyumba. Kuna kiti cha miguu mitatu ambacho mtu mzima mwenye akili zake hathubutu kukikalia. Kuna taa iliyofanana na kitunguu kilichomenywa. Kuna saa ya ukutani isiyo na namba hata moja, na nadhani wapo wazee wa kanisa hapa wangependa niwe na saa ya namna hiyo ninapohubiri, au wangeikataa kabisa. Na ukuta mmoja mzima ni vitabu vya sanaa, vizito, vimefungwa nailoni. Ila kila kitabu kina nakala moja iliyoachwa wazi ili wateja wafunue.

Mama mmoja aliingia humo siku wanawake wa kwaya yao walipokwenda kutembelea makumbusho. Wenzake walikimbilia soda. Yeye aliingia dukani kupumzisha miguu, akafunua kitabu kimoja cha picha za rangi, akifunua tu kama mtu anayesubiri wenzake. Mara mkono ukasimama.

Ilikuwa picha ya binti anayeosha vyombo uani. Amechuchumaa, amegeuza kichwa kumtazama mtu aliyemwita, na anacheka. Mchoraji ni wa nchi ya mbali, wala hakuwahi kufika kwetu. Lakini kile kicheko! Ile shingo, ule mwanya wa mbele, ule ukanda wa gauni ulioteleza begani! Mama yule akakisogeza kitabu karibu na macho. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Jirani zake wote walimwita Mama Eliaika. Sokoni, Mama Eliaika. Kanisani, Mama Eliaika. Na kila walipomwita alihisi kitu kinamchoma kifuani, kwa sababu huyo Eliaika hakuwepo nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mkeka aliokuwa akilalia akiwa mdogo ulikuwa bado umekunjwa nyuma ya kabati. Mama hakuutandika wala hakuutupa.

Basi tangu siku ile ikawa haipiti Alhamisi bila yeye kwenda dukani. Anavaa vizuri, anajipaka mafuta, kama anayekwenda kumwona mtu. Anafika, anakwenda moja kwa moja kwenye ule ukuta, anafunua ukurasa ule. Wageni wanaingia wananunua taa na vikombe vyao, wanatoka. Yeye amesimama. Wakati mwingine anasogeza midomo. Wakati mwingine anapitisha kidole juu ya lile bega, taratibu, kama anayetaka kurudisha ukanda wa gauni mahali pake.

Muuzaji wa duka alikuwa dada mmoja aitwaye Subilaga, mpole, wa umri kama wa yule binti wa kwenye picha. Hakumfukuza. Siku moja akamsogelea.

"Shikamoo, mama. Naona unakipenda sana hiki kitabu."

"Marahaba, mwanangu. Sikipendi kitabu. Nilikuwa na binti. Alikuwa akicheka hivi hivi."

Subilaga akainamisha kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Na kuanzia hapo akawa anamwekea kigoda pale pembeni, aketi na picha yake. Nani kati yetu asingefanya hivyo? Mama amefiwa, mwache akae na kumbukumbu yake.

Sasa ikafika siku duka likaletewa vitabu vipya, na vile vilivyochakaa kwa kufunuliwa vikawa vinaondolewa. Subilaga akakitoa kile kitabu rafuni, akakipangusa vumbi, akamngoja mama. Alipofika akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, hiki ni chako. Nimeomba, wamenikubalia. Nenda nacho nyumbani, umtazame mwanao kila utakapotaka."

Mama akakipokea, akakikumbatia, machozi yakamwagika. Subilaga naye akashindwa kujizuia.

"Pole, mama. Pole sana. Mungu amlaze mahali pema."

"Amlaze nani?"

"Si binti yako? Marehemu?"

Mama akafuta macho. "Hajafa. Yuko Kimara."

Subilaga akashusha mkono aliokuwa akifutia machozi.

"Kimara hii hii, mama? Ya hapa hapa mjini?"

"Hii hii."

"Sasa, mama," Subilaga akauliza, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alikuwa hajaelewa tu, "kwa nini huwa unakuja huku?"

Mama akakasirika. Hivi mnadhani angefanya nini? "Hujui alichonifanyia! Baba yake tumemzika, kaburi limeshafunikwa, ndiyo yeye anashuka kwenye gari! Nilimwambia mbele ya waombolezaji: umekuja kumzika nani? Rudi ulikotoka. Akarudi. Hata kuomba radhi hakuomba. Mimi ndiye mama. Yeye ndiye wa kuja!"

Akakiweka kitabu juu ya meza, kwa kishindo, akatoka.

Lakini lile swali lilikuwa limeshatoka naye. Alikwenda nalo mpaka kituoni. Alikaa nalo kwenye benchi, magari ya kwao yakapita na yeye hakunyanyuka. Kwa nini huwa unakuja huku? Likaja gari la Kimara. Akapanda.

Nyumbani kwa mwanawe hakuwahi kufika, ila dada yake alishamwelekeza mara nyingi bila kuulizwa: nyuma ya zahanati, geti la bluu. Akalikuta. Njia nzima alikuwa akimwona mwanawe kama alivyo pale kwenye picha, atageuza kichwa, atacheka, mwanya utaonekana, na yeye atajua kwamba yote yamekwisha.

Geti lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na mwanamke ameinama anaanua nguo. Mnene kidogo, miwani usoni, mvi zimeanza kujitokeza juu ya paji. Uso umechoka.

"Hodi hapa. Habari za kazi, mwanangu? Namuulizia Eliaika."

Yule mwanamke akasimama. Nguo zikamdondoka mikononi.

"Mwanangu, nakuuliza. Eliaika ninayemtafuta yuko ndani?"

"Mama," akasema yule mwanamke. "Mama, ni mimi."

Mmesikia hiyo, wapendwa? Mama amesimama hatua chache kutoka kwa mtoto aliyemzaa, na amemuulizia kama mgeni. Alimtazama yule wa kwenye karatasi kwa muda mrefu mno, akampoteza huyu mwenye damu na nyama. Wa kwenye karatasi hakuzeeka. Wa Kimara alizeeka, akaugua akapona, akalea watoto wasiomjua bibi yao, akalia siku nyingi, na mama hakuwepo hata siku moja.

Sitawadanganya kwamba walirukiana shingoni. Mama alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kitenge kwa aibu. Binti akaokota nguo zilizomdondoka. Kisha akasema, "Mama, umekula?" Mama akatikisa kichwa. Eliaika akaingia jikoni. Hivyo ndivyo walivyoanza. Sio kwa kicheko. Kwa sahani ya ugali na mboga za majani, na maneno machache machache mpaka giza likaingia.

Ndugu zangu, sisi ni mabingwa wa kukumbuka. Tunasema, "Kaka yangu simchukii, namkumbuka sana." Kaka yupi unayemkumbuka? Yule wa siku mliyogombana? Huyo hayupo tena. Yupo mwingine, ana magonjwa usiyoyajua na huzuni usizozijua, na anakaa mahali ambapo nauli yake unayo mfukoni. Tunakuja hapa kila Jumapili, tumevaa vizuri, tunauangalia upendo jinsi ulivyo mzuri, tunalia, tunarudi nyumbani. Na Bwana anatuuliza, bila ukali, kama anayeshangaa: mwanangu, kwa nini huwa unakuja huku, na huko kwa ndugu yako hujafika?

Sitaki mtu anipe mkono leo mlangoni na kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Kwaya itaimba sasa. Wewe unayemjua mtu wako, usingoje wimbo uishe. Inuka, toka. Hakuna atakayekushangaa.