Dawa Ile Ipewe Jina la Nani

Sogeeni, kuna kesi hapa imewashinda wenyewe.

Katika maabara moja ya Morogoro walikuwapo watu watatu. Daktari Ngonyani alikuwa na mkono mwepesi wa kupasua. Asnath, mfamasia, alijua kuchanganya dawa. Bi Zawena hakuwa na cheti chochote. Alitunza panya, na kila akiwalisha alimkumbuka dada yake Mwanaidi, aliyekatwa uvimbe wa titi, wakasherehekea kupona kwake, kisha saratani ikarudi na kumchukua.

Dawa waliyoitafuta ilikuwa ya kuizuia isirudi. Ngonyani ndiye aliyeshikilia kwamba panya wenye saratani wakatwe uvimbe kwanza, kama binadamu, ndipo dawa ijaribiwe. Akawapasua kwa utulivu, mmoja mmoja, akashona kwa uzi usioonekana vizuri kwa macho.

Asnath alitengeneza dawa nzito kama asali, ya kupakwa ndani ya jeraha kabla halijashonwa. Alikosea mara kumi na saba. Ya kumi na nane ikashika.

Ila panya wa mwanzo walikufa kabla ya majibu. Wakiwekwa wengi pamoja, walitafunana nyuzi. Wakitengwa, waligoma kula. Bi Zawena akampa kila mmoja mwenzake mmoja tu, ndugu wa tumbo moja, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kipande cha khanga. Wakalala wamekumbatiana. Safari hii wote thelathini walipona vidonda.

Baada ya miezi mitatu, saratani ilirudi kwa kumi na watatu kati ya kumi na tano wasiopakwa dawa. Kwa waliopakwa, wawili tu. Bi Zawena alilia mbele ya vizimba bila kujificha.

Mkurugenzi akawaambia wakubaliane jina la dawa, moja tu. Ngonyani akataka la mwalimu wake wa upasuaji, marehemu. Asnath akataka la bintiye, aliyejifunza kutembea mama yake akiwa kazini. Wakamgeukia Bi Zawena, wakidhani ataridhia lolote.

“Iitwe Mwanaidi,” alisema. “Panya wangekufa wote, mngejuaje kama inafanya kazi?”

“Bila kisu changu, mama, mngepaka wapi?” Ngonyani akauliza taratibu.

“Na mngepaka nini?” akasema Asnath, huku amemshika Bi Zawena mkono.

Hakuna aliyekasirika, na hakuna aliyeachia. Fomu ipo mezani, na Bi Zawena anastaafu Ijumaa hii.

Haya, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?