Leo Bahari Imesogea

Hapo zamani, si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya juzi tu, aliishi kando ya ziwa mama mmoja jina lake Atuganile. Kiharusi kilikuwa kimemchukua miguu. Watoto wake waliobaki hai walikuwa wawili: Ambokile, fundi wa kuchomelea mageti, na dada yake Tusekile. Ambokile alikuwa na mke, Salome, na mabinti wawili wadogo.

Mama huyu alikuwa na neno moja. "Nimezeeka nikitazama ziwa," alisema. "Kabla sijafa nataka kuyaona hayo maji ambayo hayana ng'ambo." Alilisema asubuhi, alilisema jioni, alilisema hata anapolishwa uji.

Basi Ambokile akatengeneza nyumba ya magurudumu. Alinunua tela bovu, akalichomelea fremu, akaliziba kwa mbao nyembamba, akaweka kitanda cha mama na dirisha pana la kutazamia. Kwa kuwa fundi mageti hawezi kuliacha dirisha tupu, akalitia nondo. Mlango akauwekea komeo kwa nje. Majirani walimcheka, wakasema Ambokile anataka kuwa konokono. Hakuwajali. Aliifunga nyumba yake nyuma ya pikapu, akapakia magodoro, masufuria na mawe manne ya kuzuia magurudumu, akasafiri na familia yake siku mbili mpaka baharini.

Walifika kwenye mchanga mweupe, na nyuma ya mchanga kuna shamba la minazi. Mkwezi wa shamba lile, Mwinjuma, alikuwa anashuka mnazini na panga kiunoni. Wakasalimiana vizuri. Kisha Mwinjuma akaona nyumba inateremshwa kuelekea maji.

"Bwana, hapo si mahali pa kulala," alisema. "Ivute huku juu, kwenye minazi."

"Mama yangu hakusafiri siku mbili aje kutazama minazi," alijibu Ambokile. "Na maji yale kule, hatua arobaini."

"Leo ni maji mafu, bwana, hayapandi sana. Bahari hii ina siku zake."

"Ndugu yangu, mimi nimezaliwa kando ya maji. Sifundishwi ufukwe."

Mwinjuma akafuta jasho. "Haya, wewe ndiye mwenye nyumba," akasema, akaenda zake.

Msimcheke Ambokile. Ziwa la kwao lina mpaka. Jiwe alilofulia bibi yake ndilo analofulia mkewe leo. Alipoona bahari inakupwa na kujaa alishangaa kidogo, akatazama mstari wa mwani pale maji yalipoishia, akajiambia kwamba huo ndio mpaka. Kwao maji yakishaonyesha mpaka, hayaubadilishi.

Siku ya kwanza mama aliwekwa dirishani, akatazama, akalia machozi ya furaha. Ambokile naye akalia, na hakuona haya.

Siku ya pili mama akasema, "Leo bahari imesogea." Ambokile akajibu, "Ni macho ya uzee hayo, Mama."

Siku ya tatu mama akasema, "Leo bahari imesogea." Tusekile akajibu, "Umeipenda mno, ndiyo maana unaiona karibu."

Siku ya nne mama akasema, "Leo bahari imesogea. Inakuja kunisalimia." Salome akajibu, "Basi iitikie salamu, Mama." Wakacheka wote, na mama akacheka nao. Mimi ninayesimulia sicheki, maana yule mama alikuwa akihesabu hatua kwa macho, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Siku ya tano, wakati wengine wanakula, mama alijiburura kwa makalio akatoka mlangoni, akashuka mpaka majini. Wimbi likampiga kifuani. Salome alimwahi, akamvuta nje, mama anatabasamu na mchanga mdomoni. Hofu ya Ambokile ikatoka kama hasira. "Salome, mama yangu asitoke tena peke yake. Ukiondoka, funga komeo."

Jioni ile Mwinjuma alipita na mikungu ya nazi. Akaona mstari wa mwani umebakiza hatua kumi kuyafikia magurudumu. Ulimi ulimwasha, lakini akakumbuka jibu alilopewa. Akamwambia Salome maneno machache tu: "Kesho mwezi kumi na tano."

"Ndiyo kaka, tunauona," alijibu Salome. "Unapendeza."

Mwinjuma akapita. Mtu yeyote wa pwani angeyasikia maneno yale angeanza kufungasha vitu, kwa kuwa mwezi ukijaa, bahari nayo hujaa kupita siku zote. Salome ni mtu wa ziwa, na kwao mwezi ni wa kutazama tu.

Siku ya sita mama akasema anataka samaki. "Si wa jiko la gesi," alisema. "Nataka wa mafiga, mwenye moshi, kama nilivyowapikia ninyi." Ambokile akaifungua pikapu kutoka kwenye nyumba, akaenda mjini kutafuta samaki mzuri. Tusekile akatafuta mafiga. Pwani ile ni mchanga mtupu, hakuna jiwe hata la kumtupia kunguru. Akayatazama yale mawe manne ya magurudumuni. "Nyumba imesimama siku tano," alijisemea, "leo itakwenda wapi?" Akachukua matatu, akaacha moja, akawasha moto kule juu chini ya minazi.

Salome alimlaza mama usingizi wa mchana. Akawachukua mabinti kwenda kuwaogesha kisimani, nyuma ya shamba. Akafunga komeo kama alivyoagizwa.

Saa kumi alasiri bahari ilikuja. Haikuja kwa kishindo. Ilifika kwenye mstari wa mwani, ikaupita, ikafika magurudumuni, ikachimba mchanga chini yake. Tusekile alikuwa ameipa mgongo, anapuliza moto, moshi umejaa machoni. Jiwe moja lililobaki likazama. Nyumba ya mbao nyembamba ikainuka, ikageuka polepole, ikayafuata maji yaliyokuwa yanarudi.

Mwinjuma alikuwa juu ya mnazi, na aliyaona yote tangu tone la kwanza. Aliacha mawimbi matatu yapite ndipo akapiga kelele.

Mama alikuwa dirishani ameshika nondo. Midomo yake ilikuwa inatembea, lakini hakuna aliyesikia alichosema. Mwinjuma alishuka akijichuna kifua, akaogelea, akazishika zile nondo kwa nje na mama amezishika kwa ndani. Zilikuwa zimechomelewa na fundi hodari. Nyumba ikalala upande wa mlango, na komeo likawa chini ya maji.

Ambokile alirudi na samaki wawili wakubwa. Bahari ilipokupwa jioni iliiacha nyumba juu ya fungu la mchanga, magurudumu juu, komeo bado limefungwa.

Walimrudisha mama kwao ziwani. Mwinjuma alisafiri nao siku mbili nyuma ya pikapu, kando ya jeneza, bila kuombwa na mtu.

Katika ukoo ule palikuwa na desturi. Mwenye mkono katika kifo hamtii marehemu udongo. Husema mwenyewe na kurudi nyuma, na jamaa hawalifuniki kaburi mpaka arudi nyuma. Baba mdogo wa Ambokile akasimama penye shimo. Mbele yake wakasimama wanne, kila mmoja na konzi ya udongo. Akasema, "Aliyemuua mama huyu arudi nyuma." Hakurudi mtu.

Ambokile akasema, "Niliiweka nyumba pale kwa sababu alitaka kuyaona maji. Nondo nilizitia ili mwizi asimguse. Lakini mawe yangu manne yangekuwepo, ningemkuta amelowa miguu tu. Ningemvuta kwa gari, tukacheka. Sikumuua."

Tusekile akasema, "Mawe niliyachukua nimpikie chakula alichokiomba kwa mdomo wake. Kaka, mlango ungekuwa wazi angejiburura, nami ningemwona mchangani. Jana yake alitoka peke yake. Sikumuua."

Salome akasema, "Wifi, mlango nilifunga kwa amri ya mume wangu, kwa kuwa jana yake nilimtoa majini kwa mikono hii. Aliyeijua bahari alinitajia mwezi, hakunitajia maji. Sikumuua."

Mwinjuma akasema, "Niliwaambia siku ya kwanza, nikaambiwa nisifundishe mtu ufukwe. Aliyekatazwa kusema akinyamaza, kosa ni la nani?" Kisha akasema tena, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Lakini yale mawimbi matatu niliyaacha makusudi. Nilisema moyoni, acha walowane kidogo, wajue. Sikujua kama kuna mtu ndani. Nilidhani mama yuko kisimani na wenzake. Sikumuua."

Baba mdogo akawatazama mmoja mmoja. "Na marehemu mwenyewe hakusema kitu?" aliuliza.

Ndipo binti mkubwa wa Ambokile akajibu, kwa kuwa ni mtoto na swali liliulizwa mbele yake. "Alisema kila siku. Alisema, leo bahari imesogea."

Wingu likashuka mlimani. Matone yakaanza, na udongo mikononi mwa wale wanne ukaanza kuwa tope, ukawa unachuruzika kati ya vidole vyao. Jeneza lilikuwa chini, na maji yalikuwa yanaingia shimoni. Baba mdogo akauliza mara ya pili, na jamaa wote wenye majembe wakasimama wakingoja.

Nanyi mmesikia kama walivyosikia wao. Aliyeiweka nyumba, aliyeondoa mawe, aliyefunga komeo, aliyeacha mawimbi matatu yapite: je, nani alistahili kurudi nyuma? Na kama wote wanne walistahili, nani amfukie mama yao kabla maji hayajamfikia mara ya pili?