Bunduki ya Mhina

"Bunduki ya kuokoteza, windo lake la kwanza ni mwenyewe." Ndivyo alivyosema mjomba wenu asubuhi, alipoelezwa habari za ile pikipiki iliyoungwaungwa, nanyi mkacheka kwa sababu hamkuona bunduki wala windo. Endeleeni kupukuchua mahindi, niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Huko Kwedigongo, mashamba yanapopakana na msitu, aliishi Mhina na mkewe Mwantumu, dada wa mama yangu. Walikuwa na mtoto mmoja mdogo, Zaina. Shamba lao lilikuwa la mwisho kabla ya miti, kwa hiyo nyani walianzia kwao. Wenzao walipoteza mistari miwili mitatu. Wao walivuna mabua. Mwaka wa kwanza Mwantumu alikuja kwetu kuomba chakula. Mwaka wa pili alikuja tena, lakini safari hiyo hakumtazama mtu machoni.

Mhina akaamua kununua bunduki ya marisau, ile ambayo risasi yake hutawanyika chembechembe. Hakuwahi kumiliki bunduki maishani mwake. Akauza mbuzi wote, akapata kibali polisi, wakaenda mjini yeye na mkewe.

Dukani walionyeshwa bunduki mpya ya mtutu mmoja, nyepesi, isiyo na urembo wowote. Mhina aliiweka begani ikamkaa vizuri. Tatizo ni kwamba akiinunua hiyo, angebaki na fedha ya risasi chache mno. Pale dukani alikuwepo mwindaji wa zamani, jina lake Bakuza, akamvuta pembeni: nyumbani kwake alikuwa na ya mitutu miwili, naye angeiuza kwa nusu ya bei ile.

Wakaenda kuiona. Ilikuwa nzuri kwa kweli. Kitako kilichongwa picha ya swala, na chuma chake kilipakwa mafuta kikang'aa. Mwantumu akaomba ifunguliwe pale inapotiwa risasi, akaielekeza dirishani na kuchungulia ndani ya mitutu.

"Baba Zaina, hebu tazama. Humu mna mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui."

"Kutu tu hiyo, mama," Bakuza alisema. "Imekaa mno bila kazi. Risasi ya kwanza itaifagia yote."

Mwantumu akamwita mumewe nje. "Turudi dukani. Mtutu mmoja unatutosha. Risasi tutanunua kidogo kidogo."

"Bunduki bila risasi ni mchi tu, Mama Zaina. Nyani hawatatungoja tukusanye fedha."

"Basi aipige hapa, tuone."

"Kwa risasi ya nani? Risasi zetu ni za nyani."

Na yeye Mwantumu hakuwa na fedha nyingine ya kutoa. Wakaichukua ile ya Bakuza. Walipofika nyumbani majirani waliipokezana, wakamsifu yule swala, wakaomba ipigwe hewani. Mhina akakataa. Hakutaka kupoteza risasi hata moja.

Nyani waliingia asubuhi, mahindi yakiwa yameanza kukomaa. Mhina akapiga goti ukingoni mwa shamba, akamlenga dume kubwa lililokuwa limekaa likila bila haraka. Mwantumu alikuwa uani akimnawisha mtoto. Mlio aliousikia haukuwa wa bunduki. Ulikuwa kama wa kitu kinachochanika.

Alimkuta mumewe ameketi chini, mtutu mmoja umefumuka kama ganda la ndizi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuwepo, na uso wote ulikuwa damu.

"Nimempata?" Mhina aliuliza.

Hospitali waliokoa maisha yake. Macho hawakuyaweza.

Aliporudi, kazi yake ikawa kukaa barazani. Mwantumu alilinda shamba peke yake, Zaina mgongoni ana homa, akipiga debe kuwafukuza nyani tangu alfajiri mpaka mikono ikafa ganzi. Siku moja Mhina akainua kichwa.

"Mama Zaina, wamerudi?"

"Hapana. Ni upepo."

Lakini mtu aliyelima mahindi tangu utoto anaijua sauti ya hindi linalonyofolewa kwenye bua. Mhina alisikia moja, akasikia jingine, kisha yakawa mengi.

"Acha kupiga debe," alisema taratibu. "Njoo ukae."

Mwantumu akaja akakaa karibu naye. Wakasikiliza shamba lao likiliwa mpaka likaisha.

Baada ya hapo akaja jirani yao, Semkiwa. Aliamkia, akatoa pole, akazungukazunguka na maneno. Mwishowe akasema, "Ile bunduki, kaka, mtutu wa pili si mzima? Fundi anaweza kuukata ule uliopasuka. Nami nyani wananimaliza. Niuzie kwa chochote."

Mwantumu alimtazama mumewe. Ndani hamkuwa na unga hata wa uji wa mtoto.

Mhina akanyoosha mkono, akaushika mkono wa jirani yake na kuuweka juu ya macho yake mwenyewe.

"Semkiwa, bunduki ya kuokoteza, windo lake la kwanza ni mwenyewe. Mimi ndiye niliyewindwa. Wewe una macho, nenda nyumbani na macho yako."

Semkiwa akaondoka bila kuaga. Kesho yake Mwantumu aliibeba bunduki ile akaipeleka polisi, akarudi mikono mitupu. Zaina hakupona ile homa. Mvua zilipokaribia, mama yangu mdogo alimleta Mhina kwetu akimshika mkono, nasi tukawapa chumba cha nyuma. Hawakulima tena. Kule Kwedigongo msitu ulishuka ukalichukua shamba.

Mhina hakuwa mjinga, wajukuu zangu, wala hakuwa mvivu. Alichagua kile ambacho mfuko wake uliweza, kama tunavyochagua sote. Semkiwa ndiye aliyeyasambaza maneno yale, kila alipomwona mtu akikimbilia kitu kwa sababu ya urahisi wake. Naye alikuwa akiyasema kwa sauti ya chini, hakuna aliyecheka: bunduki ya kuokoteza, windo lake la kwanza ni mwenyewe.