Salfa Iliyobaki Ghalani

Ndugu zangu, wengi wenu mna mikorosho, kwa hiyo sitaeleza sana. Ubwiriunga mnaujua: maua yanageuka meupe kama yamemwagiwa unga, kisha yanakauka. Dawa yake ni salfa, nayo hupulizwa alfajiri, umande ungali juu ya maua, ili ishike. Umande ukikauka, siku hiyo imepita. Maua yakikauka, mwaka umepita.

Basi kulikuwa na tajiri mmoja mwenye ghala la salfa, mifuko mia sita. Mwaka huo meli iliyokuwa ikileta salfa ilichelewa, na maduka mengine yakaishiwa. Tajiri aliposikia, alifunga ghala siku nne. Alipofungua, bei ilikuwa mara tatu.

Akaja mama mmoja ambaye shamba lake lilipakana na la tajiri huyo.

"Jirani, niuzie mifuko miwili kwa bei ya juzi."

"Bei ya juzi iliondoka na juzi, mama. Si mimi, ni soko. Salfa haba, wanaoitaka wengi."

"Kwani ufunguo wa ghala anao soko?"

Watu waliosimama pale wakacheka. Tajiri naye akacheka, ila hakushusha. Mama akarudi mikono mitupu.

Nawauliza: tajiri alidanganya? Hapana, salfa ilikuwa haba kweli. Aliiba? Hakuiba. Sasa kosa lake liko wapi?

Yeye mwenyewe alikuwa na mikorosho mia nne, na hiyo hakuibania. Aliipulizia yote, kila baada ya wiki mbili, alfajiri kama inavyotakiwa. Wiki ya tatu, shamba la mama likawa jeupe. Wiki ya tano, weupe ukaonekana kwa tajiri, ukianzia mpakani. Akamwita bwana shamba.

"Nimeuziwa salfa feki?"

"Salfa yako nzima, mzee. Na umepuliza vizuri."

"Mbona maua yanakufa?"

"Ubwiriunga husafiri na upepo. Umezungukwa na mashamba ambayo hayajaonja dawa. Ukiua huu, upepo unakuletea mwingine."

"Nifanye nini?"

"Ungewapulizia majirani. Mwezi uliopita."

Tajiri akaenda mbio ghalani, akatangaza bei ya zamani. Hakuja mtu. Akabeba mifuko miwili mwenyewe hadi kwa yule mama.

"Chukua, jirani. Sitaki hela."

Mama akautazama ule mzigo. "Asante. Sasa nimpulizie nani, kuku?"

Msimu ule tajiri hakuvuna, na mama hakuvuna. Meli ilitia nanga wiki iliyofuata.

Sisi tunamcheka tajiri, lakini hebu tujiangalie. Mmoja wetu ana kisima, anakifunga kiangazi. Mwingine anajua ofisi gani inasaidia wajane, ananyamaza mpaka aombwe sana. Tunajenga ukuta, tunasomesha wetu, tunatibu wetu, tunadhani tumemaliza. Mtoto wa jirani aliyeachwa bila kazi wala adabu atakua wapi, kama si mlangoni kwetu? Maradhi ya nyumba ya pili yataishia ya pili?

Leo ukitoka hapa, kabla hujafika kwako, pita kwa jirani umwulize amekwama wapi. Usiende kwa kuwa wewe ni mwema. Nenda kwa kuwa upepo unaompiga yeye ndio unaokupiga wewe.