Chungu cha Gungurugu

Paukwa!

Pakawa!

Kuni?

Zipo!

Chungu?

Kiko mekoni!

Basi kaeni, nisikilizeni.

Hapo kale, penye chemchemi ya chumvi ya Msirwa, alikaa mpika chumvi, jina lake Nyanzobe, pamoja na binti yake Kagoli. Jirani yao alikuwa zimwi, jina lake Gungurugu. Si Gungu, wala si Gurugu. Gungurugu.

Siku moja Nyanzobe alikwenda kukata kuni. Huku nyuma zimwi likaja, likabeba vikapu vitatu vya chumvi, likamfungia Kagoli ndani ya tenga, likaenda naye.

Nyanzobe aliporudi, akafuata nyayo za zimwi mpaka pangoni mwake.

"Nipe mwanangu!"

"Mwanao ni kitoweo," likasema zimwi. "Chumvi ninayo, bado moto tu."

"Basi tushindane kwa vyungu, ndiyo desturi ya Msirwa. Vyungu sawa, maji ya kijito sawa, kuni sawa. Atakayekausha maji kwanza amchukue mtoto."

Zimwi likacheka. "Utanishinda wewe? Mapafu yangu ni mivukuto ya mhunzi!"

Basi wakawasha. Wakavuvia, wakavuvia, wakavuvia. Vyungu vyote viwili vikaanza kufuka mvuke.

Zimwi likaona vinakwenda sawa, likaingiwa na hofu. Likakumbuka wavuvi.

"Chumvi hukausha samaki," likanong'ona. "Itashindwa na maji?"

Likamimina kikapu cha kwanza chunguni mwake. Maji yaliyokuwa karibu kuchemka yakanyamaza.

Nyanzobe alikuwa akipika chumvi tangu utoto. Alijua kuwa maji ya chumvi huchelewa kuchemka, na kadiri yanavyokolea ndivyo yanavyokawia kukauka. Akajishika kichwa.

"Ole wangu! Bwana Gungurugu, usiongeze chumvi, utanishinda!"

"Ahaa!" Likamimina kikapu cha pili. Maji yakanyamaza tena.

"Bwana Gungurugu, nakusihi, usiongeze chumvi, utanishinda!"

Na Kagoli, mtoto wa mpika chumvi, akalia kutoka tengani: "Babu, usiongeze chumvi, utatushinda!"

"Hata mtoto ameogopa!" Likamimina kikapu cha tatu.

Basi chungu cha Nyanzobe kikachemka, maji yakashuka, yakashuka, yakashuka, yakaisha. Akakiinamisha. Hata tone halikutoka.

"Nimekausha. Nipe mwanangu."

Zimwi lilikuwa limepiga magoti, macho mekundu kwa moshi, maji yake yangali nusu ya chungu.

"Mchukue, mchukue! Usinisumbue, changu kinakaribia!"

Nyanzobe akalifungua tenga. Kagoli akatoka, akapiga goti kwa adabu.

"Kwaheri, babu. Koroga, kisiungue."

Wakaenda zao wakicheka, na zimwi likabaki likivuvia.

Hadithi yangu inaepuliwa hapo. Nanyi wajukuu, kazi usiyoijua, muulize kwanza aliyeizoea. Lakini usimuulize siku mnayoshindana.