Kiti cha Pili cha Gari Jekundu

Hapo zamani, si zamani ile ya majini na masultani, bali ile ya mihuri ya mbao, palikuwa na mji chini ya mlima Kwengoto. Kila mwaka mji huo ulishindanisha magari kupanda mlima. Dereva aliyefika kileleni aliandikwa katika Daftari la Waliofika, yeye na abiria wake. Aliyeshindwa alisukumwa na wananchi, kwa vifijo, kisha akaandikwa katika Daftari la Waliosukumwa, nakala tatu.

Mzee Shekiondo alisukumwa mara kumi na moja. Gari lake lilikuwa jekundu, la mbio, la viti viwili, tamu kulitazama. Lakini likifika kona ya tisa lilikaa chini kama mbuzi aliyegoma. Mzee alipofariki, mmoja wa waliobeba jeneza alinong'ona, "Hata leo tunamsukuma."

Binti yake, Bi Zahabu, alisikia. Akaapa kwamba jina la baba litatoka katika daftari lile.

Kanuni iliruhusu. Mwana akifika kileleni kwa gari lilelile, mzazi anafutwa. Ila injini iwe ileile ya asili, na gari la viti viwili lipande na watu wawili. Na mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho kwa gari lile, maana barua ilikwishatoka: gari likitimiza miaka hamsini limestaafu, na mstaafu haruhusiwi kukimbia.

Bi Zahabu akaenda kwa Fundi Mbelwa, mwenye mashine ya kerezo ya kuchongea vyuma.

"Injini hii ina kifua cha kuku," fundi akasema. "Tupanue silinda, tubadili vali, tuweke pistoni nene."

"Zinauzwa wapi?"

"Haziuzwi popote. Nitaziunda."

"Ukiniwezesha, fundi, kiti cha pili ni chako."

Mbelwa akangoja mkewe aende msibani. Akaingia jikoni, akatoa sufuria nne za harusi yao, akaziyeyusha, akamimina pistoni nne, akazichonga hadi zikakaa sawasawa. Injini ikapata nguvu. Ikapata pia harufu ya pilau kila ilipochemka.

Nguvu ilikuwapo, lakini injini ilikohoa. Mwalimu Nakiete, kiongozi wa kwaya, alikuwa akipita njia. Akasimama.

"Bi Zahabu, kuna mmoja humo anaimba chini ya mwenzake."

"Nani tena, Mwalimu?"

"Kabureta ya kushoto. Ya kulia haina neno."

"Ukiniwezesha, Mwalimu, kiti cha pili ni chako."

Mwalimu akatia ncha moja ya bomba la mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akageuza skrubu, akasikiliza, akageuza tena. Siku tatu. Siku ya tatu askofu alikuja kusikiliza kwaya. Kwaya alikuta, Mwalimu hakumkuta. Nakiete alipozipatanisha kabureta zile, kwaya yake ilikuwa imepata kiongozi mwingine.

Ukaja ukaguzi. Bwana Chilewa, karani wa usajili, aliyeandika jina la mzee mara zote kumi na moja kwa mkono wake mwenyewe, akaweka karatasi juu ya namba ya injini, akakwangua kwa penseli. Namba ilikuwa yenyewe.

"Pistoni za zamani ziko wapi?"

"Kwenye gunia, Bwana Chilewa."

"Na vali?"

"Kwenye gunia."

"Basi, dada yangu, injini ya asili ni gunia."

Bi Zahabu akakaa palepale, juu ya sakafu ya serikali. "Baba atabaki humo milele," akasema. "Ukiniwezesha, Bwana Chilewa, kiti cha pili ni chako."

"Mtumishi wa umma hapokei zawadi. Kiti nitakipokea kama kituo cha kazi."

Akafungua kanuni, akasoma tangu asubuhi hadi ofisi inafungwa. Mwisho akavua miwani. "Imeandikwa injini ya asili iwe *ndani ya gari*. Haikuandikwa sehemu gani ya gari." Akagonga mhuri: gari lipande, na gunia lipakatwe na abiria. Wakubwa wake walipouona mhuri ule, walimpa uhamisho kwenda kusajili magari katika kisiwa kisicho na gari hata moja.

Siku ya mashindano ikafika. Injini inanguruma, gunia liko kitini, na mlango wa abiria umeshikwa na watu watatu.

"Bila mimi, ina nguvu gani?" Mbelwa akasema. "Kiti changu."

"Bila mimi, nguvu hiyo ingekohoa hadi jioni," Nakiete akasema. "Kiti changu."

"Bila mimi, ingengurumia uani kwenu," Chilewa akasema. "Kiti changu, na barua ya uhamisho ninayo."

Bi Zahabu akajibu mara tatu, "Ni kweli."

Hapo umati ukapasuka katikati. Mama Hiza, mkewe fundi, alikuwa anakuja akinusa.

"Baba Hiza! Hizo ni sufuria zangu!"

"Mke wangu, zimepandishwa cheo."

"Miezi mitatu napika kwenye makopo ya rangi, unaniambia sufuria zimebebwa na ngedere! Ngedere gani anabeba sufuria na mifuniko anaacha?" Akamgeukia Bi Zahabu. "Hawa wote umewaahidi, na kila mmoja alitoa kwa hiari yake. Mimi sikuahidiwa, wala sikuulizwa. Nataka kiti, au sufuria zangu nne, sasa hivi, na moto wake."

Msimamizi akapaza sauti. "Gari jekundu, dakika moja! Watu wawili, si watano! Dakika ikipita, baba yako anabaki alipo!"

Kule kona ya tisa wananchi walikwishakunja mikono ya mashati, tayari kusukuma.

Bi Zahabu kashika usukani, analitazama gunia, anaitazama mikono minne mlangoni. Bendera iko juu. Haya, nyinyi mnaosikiliza kana kwamba hayawahusu, semeni upesi: gunia apakate nani?